Hukumu inasomwa mbele ya watu wote, lakini karatasi yake inaenda wapi?

Kila miezi mitatu Glencore inatangaza ni tani ngapi za shaba na kobalti zimetoka ku KCC, hapa hapa Kolwezi. Mutu wa London anazisoma mbele hata ya kunywa kahawa. Sasa wewe wa Manika ao wa Dilala, jaribu kujua tribinali za Lualaba zilihukumu wachimbaji wangapi mwaka uliopita, kwa kosa gani, kwa miaka mingapi ya buloko. Utauliza, utazunguka, utachoka. Tani zinahesabiwa vizuri. Watu wanaofungwa, hapana.

Ndugu wasomaji, leo sisemi juu ya rushwa. Ninasema juu ya karatasi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 20, inasema vikao vya tribinali viko wazi kwa watu wote, isipokuwa kama uwazi huo ni hatari kwa utulivu ao kwa tabia njema; hapo zuzi anaweza kufunga mlango. Kifungu cha 21 kinaongeza: kila hukumu iandikwe, itoe sababu zake, isomwe mbele ya watu. Muzuri sana. Lakini soma tena pole pole: inaandikwa, inasomwa. Nani anaweza kuishika mukononi kisha kusomwa? Siku ile sauti ni ya wote. Kesho yake karatasi imeingia mu grefe na imekuwa sawa vile mali ya nyumba ya mutu.

Kwa wale wetu wa kemia na wa mine, maelezo kidogo. Tribinali ya amani, ile tunaita tripaix, inahukumu makosa yenye kifungo kisichopita miaka mitano. Yale yenye kupita pale, hata ya kifo, yanaenda ku TGI. Kila kesi ya jinai inaandikwa mu kitabu na kupewa namba ya RP. Ikienda rufaa, inapata namba ingine, RPA. Namba njo ufunguo. Hauna namba, hauna kesi. Lakini mbele ya kufika ku tribinali, faili ilipita ku parke, na kule ilikuwa na namba yake ya RMP. Familia nyingi zinakuja na ile RMP, kwa sababu njo waliyopewa siku kijana alikamatwa, na grefye anawajibu: «Hakuna kesi kama hiyo hapa.» Hasemi uongo. Namba ile haimo mu kitabu chake. Ila hakuna mutu anayewaambia kama namba ziko mbili, na mama anarudia nyumbani akifikiri wamemuficha mutoto wake.

Mwaka jana nilimusindikiza jirani yetu mumoja ku tribinali moja ya huku kwetu, sitaitaja. Kijana wake alihukumiwa miaka mitatu kwa wizi wa minerai. Hukumu ilisomwa kwa Kifaransa. Mama anasikia Kichokwe na Kiswahili. Alichokamata ni «trois ans», paka ile. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ile dekrei ya tarehe 6 Agosti 1959 ambayo ingali inatuongoza, inatoa siku 10 za kukata rufaa. Ni kweli, rufaa unaweza kuitangaza kwa mudomo mbele ya grefye bila kuwa na kopi, na njo vile tulifanya siku ya pili, macho yamefungwa. Lakini utapinga nini, kama haujui zuzi aliegemea ushahidi gani? Tuliomba kopi. Jibu la kwanza: «Mama, hukumu haijaandikwa bado.» (Ile iliyosomwa ilikuwa nini basi?) Siku ya nne, mashini haina wino. Siku ya saba kijana wa grefe, kwa heshima yote, akasema: «Mama, ulete rame moja ya makaratasi, tutakusaidia.» Kopi ilitoka siku ya 16.

Ilikuwa na kurasa tatu. Majina, tarehe, vifungu vya sheria. Sababu za kumufunga mutu miaka mitatu zilikuwa mistari sita, na mbili kati yake zilisema tu kama kosa «limethibitika». Nilisoma ile karatasi mara ine. Njo pale nilianza kuona kama tunalalamika upande mumoja tu. Siku zote tunasema: hukumu zinafichwa, kwa hiyo watu hawajui. Kuna upande wa pili: hukumu zinaandikwa vibaya juu hakuna mutu atazisoma. Zuzi anayejua kama karatasi yake itakufa mu kabati anaandika sawa vile mwanafunzi anayejua mwalimu hasahihishi. Wala simutukani zuzi. Mimi pia, mu mwaka wa pili, nilikuwa na profesa wa namna hiyo.

Sasa tuangalie kesi kubwa, ya wakati Katanga ilikuwa ingali nzima, mbele ya kukatwa vipande mwaka wa 2015. Mu Oktoba 2004 waasi wachache waliingia Kilwa, kule ku ziwa Moero, na jeshi likaurudisha muji kwa nguvu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu zaidi ya raia 70 waliokufa. Magari ya kampuni Anvil Mining, iliyochimba Dikulushi, yalitumiwa na wanajeshi. Tribinali ya kijeshi ya Lubumbashi ilihukumu wanajeshi pamoja na wafanyakazi watatu wa kampuni. Tarehe 28 Juni 2007 ikasema watu wale walikufa mu mapigano, na kwa mambo ya Kilwa hakuna aliyepatikana na kosa.

Tunajuaje yaliyosemwa mu kile chumba? ACIDH na ASADHO/Katanga wa Lubumbashi, pamoja na RAID ya Uingereza na Global Witness, walifuata kesi, wakaandika, na mu Julai 2007 wakatoa ripoti. Mwanafunzi anayetafuta kesi ya Kilwa leo anafika kwanza ku makaratasi ya mashirika, siyo ku ya tribinali. Nayaheshimu yale makaratasi. Bila yao, kesi isingefika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo uamuzi wake ulijulikana mwaka wa 2017: Leta ya Kongo iwalipe wahanga 8 dola milioni 2.5. Lakini ripoti ya mwenye kulalamika haiwezi kuwa rekodi ya kesi. Inachagua. Ni kazi yake kuchagua. Mimi ninataka niweze kusoma maneno ya tribinali yenyewe, hata yale yananiuma, kisha niseme wapi zuzi alipotea.

Na Kilwa iliandikwa juu wafu walikuwa wengi na kampuni ilikuwa ya kigeni. Kijana wa Lubudi aliyefungwa kwa mifuko miwili ya heterogenite, nani atapanda ndege juu yake?

Wengine watanikumbusha filamu ya Milo Rau, Muswisi wa teatro, aliyepanga «Tribinali ya Kongo» Bukavu na Berlin mwaka wa 2015. Filamu yenyewe ilitoka mwaka wa 2017. Watu wengi waliisifu kama mchezo wenye ujasiri. Mimi naona nguvu yake haiko mu mchezo. Ile tribinali haikuwa na askari wala buloko, haikuweza kufunga mutu hata siku moja, lakini kila neno la mushahidi lilirekodiwa na unaweza kulisikiliza tena. Ya kweli, yenye kufunga watu kila wiki, haiachi hata sauti. Sijui kama Rau alitaka kutuchekesha, mimi sikucheka.

Kuna wanaosema: ukitangaza hukumu zote, utaanika wahanga, zaidi wanawake na watoto waliobakwa. Hoja ni ya kweli, na sheria za Julai 2006 juu ya ubakaji zinadai kulinda siri na heshima yao. Basi ficha jina la muhanga. Usifiche sababu za hukumu. Hoja ya pili, ya umasikini, naipokea nusu. Grefe nyingi hazina umeme wa kutosha, sawa. Lakini Lodwar, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, siyo muji wa matajiri, na hukumu za Mahakama Kuu ya pale unazisoma bure ku Kenya Law, hata ukiwa umekaa Kapata na simu yenye kioo kimepasuka. Ku mpaka wetu wa Zambia pia, ZambiaLII inafanya kazi hiyo. Siye tuko na Leganet, ambayo inasaidia sana kwa maandiko ya sheria, lakini tafuta mule hukumu za jinai za Sandoa ao Kapanga, utaona.

Na vikao vya kutembea, zuzi anapokwenda kuhukumu mu vijiji? Ni kazi nzuri. Ila kisha kikao, kitabu kinapanda mu gari pamoja na zuzi, na kijiji kinabaki na kumbukumbu ya vumbi.

Ninachoomba kwa umoja wetu ni kidogo. Mu tribinali nilizopita, kesi za siku zinabandikwa karibu na mlango: namba ya RP, majina, kosa. Kikao ni cha wazi, hakuna ruhusa ya kuomba juu ya kukaa ku benchi ya nyuma na biki. Tuandike namba, kosa, tarehe, na miaka iliyotolewa, majina tuyaache. Nimeanza kaye moja ya Kolwezi, kila Jumanne. Wa Dilolo, Mutshatsha na Lubudi, mutuambie kwenu wanakaa siku gani.