Umati Wenye Nguo za Majirani

Kwa miaka mingi kipande kidogo cha mbao kilining'inia jikoni kwa bibi mmoja mzee katika mji wa Compiègne, Ufaransa. Wenyewe walikidhani ni picha ya ibada isiyo na thamani kubwa. Kumbe kilichorwa na Cimabue, mchoraji wa Kiitaliano, yapata mwaka 1280. Mwaka 2019 kilinadiwa kwa euro milioni 24, na mwaka 2023 kikawa mali ya makumbusho ya Louvre. Wengi waliandika juu ya fedha. Sisi tunauliza: picha hii yamhubiri Kristo gani?

Yaonyesha Yesu akidhihakiwa. Amesimama katikati, na pande zote mbili watu wamesongamana, wengine wameshika silaha. Nyuma yao yapo majengo ya mji. Mtu aweza kudhani mchoraji alikosa nafasi, lakini msongamano ndio mahubiri yenyewe: haukuachwa upenyo wa kutorokea. Tena Cimabue hakuwavika watesi mavazi ya Yerusalemu ya kale. Aliwavika nguo za siku zake. Aliyeitazama picha kwa mara ya kwanza aliwaona majirani zake.

Hapo inazipita zile picha zinazouzwa Kariakoo, Yesu akiwa peke yake, kanzu safi, uso mtulivu. Hatuzidharau, zimewafariji wagonjwa wengi. Ila zinamtenga Bwana na watu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alikataa kumtenga hivyo. Miaka ya 1950 alichora maisha ya Kristo katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, akamweka kati ya watu na vilima vya huko huko.

Umati huu tunaufahamu hapa Gerezani. Kati ya mafundi wa kuchomelea na maduka ya vipuri, sauti moja ya "Mwizi!" hutosha. Asiyejua hata kilichoibwa ameshaokota tofali. Jioni huyo huyo aweza kuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ni mtu, si shetani, na hilo ndilo la kutisha.

Wapo watakaosema: Yesu hakuwa na hatia, mwizi anayo. Ni kweli. Lakini Bwana alikubali kuhesabiwa pamoja na wahalifu, akasulubiwa kati ya wawili. Hakutuachia ruhusa ya kumpiga yule tuliyemwona ana hatia.

Picha ina upungufu mmoja. Ilikatwa kutoka kazi kubwa zaidi. Vipande vingine viwili vinavyojulikana viko mbali: Yesu akipigwa mijeledi yuko New York, Mariamu na Mtoto wako London. Katika vitatu hivyo hakuna Pasaka. Anayekitazama kimoja tu anaachwa usiku ule. Hata hivyo Luther alifundisha Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hutambulikana katika mateso na msalaba, wala si katika utukufu tunaojitungia. Kwa kipimo hicho, kipande hiki kinatosha kutuhubiria.

Basi wapendwa, kelele zitakapopigwa tena mtaani, tusimtafute Kristo miongoni mwa wenye mawe. Yuko katikati. Tupenye tusimame naye, tupaze sauti kuwazuia, na mmoja wetu akimbilie polisi.