Juu ya Neno Fidhuli

Neno fidhuli, ambalo wengine hulitamka fedhuli, si geni vitabuni, lakini vinywani ni nadra. Kamusi zetu hulifasiri aghalabu kwa visawe: jeuri, kiburi, ukosefu wa adabu. Fasiri hizo si za uongo. Kasoro yake ni kuwa hazimwonyeshi msomaji kosa lenyewe ni lipi.

Asili yake ni Kiarabu, fuduli, yaani mtu ajitiaye katika yasiyomhusu. Wanachuoni wa sheria ya Kiislamu humwita hivyo auzaye mali ya mwenziwe pasipo idhini. Shina lake ndilo lililotupa fadhila, fadhili na afadhali, na maana ya msingi ni ziada. Atoaye zaidi ya yaliyompasa ametenda fadhila. Ajitwaliaye zaidi ya haki yake amekuwa fidhuli. Basi ufidhuli ni kupita mpaka, wala si kila dharau.

Tofauti hiyo yaonekana wazi tukitazama Runyambo, lugha ya Karagwe na ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Humo okugaya ni kudharau, kumwona mtu hana thamani. Na heshima, ekitiinisa, yahusiana na okutiina, yaani kuogopa. Neno letu heshima nalo latokana na neno la Kiarabu la haya na staha. Kwa hiyo akosaye ekitiinisa hana hofu, na akosaye heshima hana haya. Lakini fidhuli amevuka mpaka, hata kama moyoni amstahi mzee wake. Mtu aweza kugaya naye amekaa kimya. Hawezi kuwa fidhuli asiponena wala kutenda.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mkalimani atiaye yote hayo katika neno moja, dharau, aweza kumponza mtu. Kijana aliyejibu kabla wazee hawajamaliza na aulizwe kwa nini alitwaa zamu isiyo yake. Asihukumiwe kuwa amewagaya.

Rugemalira, kwa msamiati wake wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza wa mwaka 2002, ameweka lugha hizi bega kwa bega. Yatupasa sasa kupima maana zake. Twashauri fidhuli lifasiriwe kwanza hivi: mtu ajitwaliaye nafasi asiyopewa. Jeuri na kiburi vifuate nyuma.