Maji ya Miguu na Utambi wa Taa: Mateso na Taamuli katika Shairi la Patacara

Katika fasihi ya kale ya Uhindi mna mkusanyo uitwao Therigatha, yaani beti za watawa wanawake wazee. Una mashairi 73 ya lugha ya Kipali, nao ni sehemu ya maandiko matakatifu ya Wabuddha wa mapokeo ya Theravada. Kabla ya kuandikwa, beti hizo zilihifadhiwa kwa kukaririwa na kughaniwa muda wa karne kadhaa. Anayezihakiki kama maandishi matupu amekwisha kupoteza nusu ya kitu anachokihakiki.

Linalochunguzwa hapa ni shairi la Patacara, lenye beti tano tu. Habari za maisha ya mtawa huyo hazimo katika shairi lenyewe, bali katika ufafanuzi wa Dhammapala, ulioandikwa karne nyingi baadaye. Humo inasimuliwa kwamba mumewe alikufa kwa kuumwa na nyoka, mtoto mmoja akanyakuliwa na ndege, wa pili akachukuliwa na mto. Na alipokaribia mji wa kwao, Savatthi, akaambiwa kuwa nyumba imewaangukia wazazi wake na ndugu yake. Akarukwa na akili, akawa anatangatanga uchi, hata akafika mbele ya Buddha.

Sasa msomaji na alifungue shairi. Hamna nyoka, hamna mto. Laanza na vijana walimao mashamba, wapandao mbegu na kulisha wake na watoto wao; msemaji ajiuliza kwa nini yeye, ashikaye maadili wala si mvivu, hajaupata utulivu. Kisha ananawa miguu, anayatazama maji yakiteremka kutoka juu kwenda chini, anautuliza moyo kama afunzwavyo farasi wa asili bora. Anashika taa, anaingia chumbani, anakitazama kitanda, anaketi, anaushusha utambi kwa sindano. Taa yazimika, na moyo wafunguka. Basi.

Yawezekana kusema kwamba shairi hili limeyakimbia mateso. Shutuma hiyo haifai kupuuzwa, kwa kuwa si dini moja tu iliyomwambia mfiwa anyamaze. Wako wanaoijibu kwa kusema kuwa maji ya miguu ni ule mto uliomchukua mtoto, ila sasa umekuwa mdogo, umekosa nguvu. Jibu hilo lapendeza, lakini limesimama juu ya mguu dhaifu: mto watoka kwa mfafanuzi, na huenda ni maji ya shairi yaliyouzaa mto wa hadithi. Lililo imara zaidi ni mpangilio wa vitenzi. Kunawa, kutazama, kushika, kuingia, kuketi, kushusha: kila tendo ni dogo na hakuna linalorukwa. Hiyo ndiyo taamuli yenyewe. Shairi haliielezi, laitenda, na mateso hayafukuzwi bali yanyimwa mahali pa kukaa kati ya tendo na tendo. Na wale watoto wa ubeti wa kwanza, wanaolishwa na watu wengine, wabaki pale bila neno la ziada.

Shairi jingine la mkusanyo huohuo, linalowahusu akina mama waliofiwa, halina upole huo. Humo Patacara amwambia mama kwamba hakuijua njia aliyojia mtoto wala aliyoendea; alikuja bila kuitwa, akaondoka bila kuruhusiwa; cha kulilia ni nini? Hoja ni kali, pengine kali mno. Linaloiokoa ni kwamba mwenye kuisema ni mfiwa, na kwamba mama naye apewa zamu ya kujibu: asema mshale uliofichika moyoni mwake umeng'olewa. Kauli hiyohiyo kinywani mwa asiyefiwa ingekuwa tusi.

Kuhusu tafsiri, Caroline Rhys Davids (1909) alitanguliza hadithi ya mfafanuzi mbele ya kila shairi, na tangu hapo wasomaji wengi wamesoma kilio mahali ambapo shairi limeacha kimya. K. R. Norman (1971) alishikamana na neno kwa neno, akapata usahihi, akapoteza pumzi ya kughani. Charles Hallisey (2015) yu katikati yao. Kitabu cha Matty Weingast (2020) kilitolewa kama tafsiri, lakini wataalamu waliopinga walikuwa na haki: yalikuwa mashairi mapya, na mchapishaji alilazimika kukitoa upya kwa maelezo mengine. Ubaya wake ni kwamba beti zilizobebwa kwa ndimi za watu kwa karne nyingi ziliwekewa sauti ya mtu mmoja wa leo.

Kwa maana msemaji wa shairi ni "mimi", na kila aghaniye husema "mimi" huyo. Hahitaji kufiwa jinsi alivyofiwa Patacara. Yatosha anawe miguu pamoja naye.

Mtafsiri wa Kiswahili atakwama kwenye ubeti wa mwisho. Kwa Kipali, nirvana ni neno lilelile la moto unaozimika, na mlio wake ni wa faraja. "Kuzimika" kwetu kwanusa giza, hata kifo. "Kupoa" kungefaa zaidi, kwa kuwa husemwa juu ya homa iliyoshuka na hasira iliyotulia. Ila taa haipoi, na sindano ingebaki mkononi bila kazi.