Mkono Unaosubiri

Aliyeshikwa kiuno jana wakati anainua gunia huingia kwa tabibu ameinama, mkono mmoja nyuma, akitarajia kuguswa pale panapouma. Tabibu wa akupancha, ile tiba ya sindano ya Wachina, huweza kumwacha amesimama hivyo hivyo na kumwomba mkono. Kwenye mgongo wa kiganja kuna sehemu mbili zilizotengwa kwa ajili ya kiuno. Moja iko kati ya mfupa wa kidole cha shahada na wa kidole cha kati, nyingine kati ya mfupa wa kidole cha pete na wa kidole cha mwisho. Sindano mbili zinaingia hapo, kisha mgonjwa anaambiwa ajinyooshe taratibu.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Tabibu anazungusha sindano kwa kidole gumba na cha shahada, huku macho yake yako kiunoni. Inama kidogo. Geuka kushoto. Sasa je? Anazungusha tena, anasubiri, anauliza tena. Dakika zinapita na hakuna anayeharakishwa. Uso wa mgonjwa, pumzi yake, namna nyonga moja inavyokataa kufuata nyingine, vyote vinasomwa kwa pamoja.

Sindano yenyewe ina unene wa kama robo ya milimita, karibu theluthi ya sindano ya kawaida ya hospitali. Haina tundu wala haipitishi dawa. Kwa wembamba huo hupinda upesi mikononi mwa asiyezoea, ndiyo maana mwanafunzi huanza kwa kudunga mabunda ya karatasi na pamba, siku baada ya siku, hadi vidole vijue kusukuma bila kukaza. Baada ya hapo hujidunga mwenyewe. Wanafunzi wa kale walikuwa pia na sanamu: mwaka 1027, wakati ukoo wa Song ukitawala China, tabibu Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za shaba za mtu mzima, zilizotobolewa kila palipo na sehemu ya kudungwa. Kwa mtihani, sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji ndani. Aliyepatia aliona maji yakichuruzika; aliyekosea, sindano yake iliishia kwenye shaba. Sijui mtihani mwingine wa uganga ulio wazi kama huo.

Vipimo navyo vina adabu yake. Sisi tunajua shubiri na dhiraa, lakini katika tiba hii hupimi kwa mkono wako. Upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe ndio kipimo kimoja, na vidole vyake vinne vikibanwa pamoja ni vipimo vitatu. Kwa hiyo mtu mrefu na mtu mfupi kila mmoja amebeba rula yake. Akitaka kufanya kazi kiunoni penyewe, tabibu hutafuta pingili ya pili ya kiuno, hushuka chini yake, halafu huenda pembeni kipimo kimoja na nusu kila upande. Au huenda nyuma ya goti, katikati ya mkunjo, mahali Wachina wanapopaita Weizhong.

Sindano ikifika, mgonjwa husikia uzito, au ganzi, au kama kitu kinajaa ndani. Tabibu naye husikia sindano ikikamatwa. Walimu wa kale walifananisha hali hiyo na samaki anayegusa chambo, na mvuvi yeyote wa mshipi atawaelewa mara moja. Katika Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, Helene Langevin na wenzake walionyesha kwamba sindano ikizungushwa, nyuzi laini zilizo chini ya ngozi hujiviringisha juu yake kama uzi kwenye kijiti. Vidole vilikuwa vimelisikia jambo hilo karne nyingi kabla ya darubini.

Kuhusu tiba yenyewe, lazima niseme kweli. Maumivu ya ghafla ya kiuno mara nyingi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Mwaka 2016 mwongozo wa afya wa Uingereza ulishauri akupancha isitumike kwa maumivu ya kiuno. Mwaka uliofuata chuo cha madaktari wa Marekani kikaiweka pamoja na joto na kukandwa, miongoni mwa mambo ya kujaribu kabla ya vidonge, huku kikikiri kuwa ushahidi ni dhaifu. Ufundi ninaoupenda sitautilia chumvi.

Tena tabibu mzuri huuliza kabla ya kufungua pakiti ya sindano. Mkojo unatoka sawasawa? Kuna ganzi kati ya mapaja? Mguu umelegea? Una homa, ulianguka? Jibu moja baya linatosha kumpeleka mgonjwa hospitali bila kudungwa. Uamuzi huo wa kutodunga nauhesabu kuwa sehemu ngumu ya kazi hii.

Madaktari wa jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964, na wataalamu wa sindano wamo miongoni mwao. Wamekuta watu waliokwishazoea kuumikwa kwa chuku, wasioshangaa kwamba ngozi inaweza kuwa mlango.

Mwisho wa kikao sindano hutolewa polepole, pamba ikikandamiza kila tundu, na huhesabiwa: zilizoingia ndizo zilizotoka. Tabibu anamwambia mgonjwa avae viatu vyake, kisha anasimama kando kuangalia anavyoinama.