Heko Walimu wa Chekechea za Msituni

Wako walimu wanaostahili heko zetu: wale wa chekechea za msituni nchini Ujerumani. Wazo la kumlea mtoto karibu na mimea si geni huko: Friedrich Fröbel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake cha kulima. Mwaka 1993 chekechea ya msituni ya Flensburg ilitambuliwa rasmi, na nyingine nyingi zikafuata.

Kazi ya walimu hawa si lelemama. Mvua inyeshe, theluji ianguke, watoto hutoka kwenda msituni na makoti na mabuti yao. Mwalimu huwaonyesha namna ya kutumia kisu: keti kwanza, kisha chonga kuelekea mbali na mwili. Huwafundisha kutokula tunda lolote kabla ya kuuliza, na kusubiriana mahali walipokubaliana. Mtoto akichuchumaa kumtazama konokono, mwalimu hamharakishi. Humwacha atazame mpaka aridhike, ndipo maswali huja.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walimu hawa wanalea watu watakaoujua msitu na kuuthamini. Hongereni sana! Nasi wazazi tuwaache watoto wetu wacheze na udongo.