Susi na Chuma Walifika Uingereza. Nani Aliwauliza Waliona Nini?

Kuna kitabu kimoja cha Kiingereza ambacho mtu wa hapa Nchelenge anapaswa kukijua, sababu ziwa letu limo ndani. Ni shajara za mwisho za David Livingstone, zilizochapwa London mwaka 1874 kwa jina la The Last Journals. Kiko bure kwenye intaneti. Miye nilikisoma kwa simu, usiku, kidogo kidogo, nikiogopa bando kuisha. Tarehe 8 Novemba 1867 Livingstone anafika Mweru na kulala katika nyumba ya mvuvi, ufuko wa kaskazini. Anaandika juu ya mchanga, juu ya samaki, na juu ya milima ya Rua inayoonekana upande wa magharibi. Ile milima ni kwetu, ni Kongo. Sisi wa Mantapala tukishuka Kashikishi kutafuta chisense, tunasimama ufukoni na kutazama upande ule ule.

Kitabu ni kizuri, nasema mapema ili mtu asifikiri nimekuja kumtukana mzee wa watu. Anaangalia vizuri, na akichoka anasema amechoka. Shida yangu iko mwishoni mwa kitabu, pale ambapo yeye mwenyewe hayupo tena.

Livingstone alikufa mwaka 1873, mwanzo wa mwezi wa 5, kwenye kijiji cha Chitambo, kusini ya Bangweulu. Kalamu yake ikanyamaza. Lakini kitabu kinaendelea, kurasa nyingi. Nani anasimulia sasa? Ni Abdullah Susi na James Chuma, watu waliotembea naye miaka. Ndio waliosema moyo ulizikwa wapi, mwili ulikaushwa namna gani, ulifungwa na nini. Halafu waliubeba. Walivuka Luapula, mto huu huu unaotuletea maji hapa Mweru, wakapanda kaskazini, wakageuka mashariki mpaka Bagamoyo. Walifika mwezi wa 2 mwaka 1874. Ni miezi tisa ya njia, zaidi ya kilomita 1500, na wanawake walikuwamo, kama Halima aliyekuwa mpishi.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya baada ya Unyanyembe, Tabora ya leo. Watu wa njiani hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wabebaji wakafanya kama wanairudisha nyuma ikazikwe, kumbe mzigo uliorudishwa ulikuwa wa bure tu. Maiti yenyewe waliifunga upya, ikafanana na bunda la nguo za biashara, wakapita nayo. Ukisoma pale unacheka, halafu unanyamaza. Mtu aliyewahi kuvuka mpaka na kitu amekificha anajua kile kicheko ni cha namna gani.

Jacob Wainwright, mmoja wao aliyejua kuandika, alisafiri na mwili kwa meli. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa kati ya watu walioshika jeneza pale Westminster Abbey. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Nauli ililipwa na James Young, rafiki wa marehemu. Walipelekwa Newstead Abbey, nyumba kubwa katika jimbo la Nottingham, wakaketi na Horace Waller aliyekuwa anatengeneza kitabu. Waller aliwauliza mengi: siku ile mlilala wapi, bwana alisema nini, mlango wa kibanda ulikuwa upande gani? Wakajibu. Hata wakajenga mfano wa kile kibanda cha Chitambo ili watu waone kilivyokuwa.

Sasa soma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, utafute sura ya Susi na Chuma juu ya Uingereza. Hakuna.

Hawa walikuwa watu waliotembea kuliko karibu kila mtu aliyeketi nao kwenye meza ile. Walikuwa wamefika hata Bombay. Walijua Zambezi, Nyasa, Mweru, Tanganyika. Kama kulikuwa na watu wenye haki ya kupima nchi ngeni kwa macho, ni wao. Waliionaje ile nyumba ya mawe? Walifikiri nini juu ya jua la mwezi wa 6, ambalo kule linachelewa sana kuzama? Walisimama vipi mbele ya kaburi walilolitembelea miezi tisa, wakakuta limefungwa tayari? Waller hakuwa mtu mbaya. Bila yeye labda hata sauti yao kidogo hii tusingekuwa nayo. Lakini aliwauliza kama mashahidi wa safari ya mtu mwingine, na shahidi anajibu kile alichoulizwa tu. Sauti yao imeyeyuka ndani ya Kiingereza chake, kama chumvi ndani ya mboga: unajua imo, lakini huwezi kuishika.

Ilibidi ingoje. Mwaka 1902 Ham Mukasa wa Buganda alienda Uingereza pamoja na Katikiro Apolo Kagwa, kwa sherehe za kumtawaza mfalme, akaandika safari yao kwa Kiganda. Mwaka 1931 Martin Kayamba, karani wa serikali kutoka Tanga, alienda London kutoa maoni juu ya mpango wa kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1932 akatoa kitabu kwa Kiswahili. Jina lake ni Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Hebu tusimame kwenye jina tu. Hakusema "tuliyoyaona". Vitu vilivyoonwa mtu yeyote anaweza kuvipanga kwenye orodha: daraja, treni, saa kubwa. "Tulivyoona" ni namna ya kuona, ni kusema macho haya yametoka mahali fulani. Halafu "tulivyofanya": hatukuketi tu kutazamwa, tulikuwa na kazi. Ni kweli Kayamba alienda kwa shughuli ya serikali, na mgeni hahesabu matundu kwenye dari la mwenyeji wake. Lakini katika jina lile amefanya kitu ambacho kitabu cha 1874 hakikuwafanyia Susi na Chuma: mwenye macho ndiye mwenye sentensi.

Mwaka ule ule wa 1932, ndege za Imperial Airways zilianza safari ya London mpaka Cape Town. Zilikuwa zinashuka kulala na kuchukua mafuta njiani, na kituo kimoja kilikuwa Mpika, hapa Zambia. London mpaka Cape ilichukua siku kama kumi. Kwa hiyo miaka 60 haikuisha tangu wale wabebaji wapite, mtu akaweza kuvuka nchi yao juu kwa juu, bila kumuuliza mtu njia.

Naileta ndege hapa juu ya vijana wetu. Mwezi uliopita vijana wanane wa kundi letu waliniletea insha juu ya safari. Nimezisoma zote mara mbili. Sita zinaanza ndani ya ndeke. "Ndeke ilipaa." "Nilikaa karibu na dirisha." Kijana mmoja anajua majina ya ndege kuliko mimi ninavyojua majina ya samaki, anajua mpaka ipi ina injini ngapi, na Uingereza yake ni nzuri kweli, na mvua na basi nyekundu. Simkatazi. Kuota si kosa, na kujua injini kunaweza kumpa kazi siku moja.

Lakini kama msomaji, zile insha haziniingii. Mtu anayeingia kwenye ndege hana miguu. Hakutoka mahali. Njia ya kutoka Pweto mpaka Chiengi, Kenani, halafu Mantapala, imekatwa yote, na wengine wao waliitembea wakiwa na miaka saba tu, na mdogo mgongoni. Nilipouliza kwa nini, mmoja akaniambia, "Ile tulishaisema ofisini." Jibu hili limenikaa. Tumeulizwa njia yetu mara nyingi, lakini kama Waller alivyouliza: tarehe gani, mlipita wapi, nani alikufa. Tumejibu vizuri, mpaka tunafikiri hadithi imekwisha. Imebaki kwenye faili, kwa maneno ya mwingine.

Dada mmoja alinipinga, na sijamshinda. Alisema, "Yaya, ile njia miye siwezi kuiandika. Nikiiandika, inarudia." Nikanyamaza. Sikuwa na la kumjibu, na sasa nafikiri ana haki. Labda Susi naye alikuwa na mambo ambayo hakutaka kumpa Waller. Kunyamaza kwa kutaka kwako ni kitu kimoja. Kunyamaza juu hakuna aliyekuuliza ni kingine. Huyu dada ameulizwa, amekataa, na kukataa kwake ni kwake.

Kwa wengine saba ninaomba hivi. Ndeke ibaki kwenye insha, na Uingereza ibaki. Ila muingie ndani yake na macho ya mtu aliyetoka Mweru. Mkifika kwenye mto wa kule, semeni kama ni mkubwa au mdogo kuliko Luapula. Mkiona nyumba ya mawe, semeni ingebeba familia ngapi za block yenu. Na kama katikati ya anga mtakumbuka jiwe fulani mlilolikalia kupumzika karibu na Chiengi, liandikeni na lenyewe. Insha mpya naziomba kabla ya mvua. Karatasi zipo kwangu.