Mlango Usiofunguka

Usa River ni mji wa njiani. Anayetoka Arusha kuelekea Moshi huufikia baada ya kilomita zipatazo 20, Mlima Meru ukiwa kushotoni kwake. Hapo, Julai moja, niliingia katika nyumba inayooka mikate na kuuza chakula chini ya paa moja. Jina lake nalihifadhi, na chakula chake sina ugomvi nacho. Nazungumzia ukumbi.

Aliyeupamba ameipenda pwani. Kuta zimepakwa chokaa, dari imeinuliwa juu sana, pangaboi nne zinaning'inia, na katika ukuta wa ndani umetundikwa mlango wa nakshi wa Kiunguja: miimo yenye minyororo, mfaa uliojaa maua, njumu za shaba zilizosuguliwa zikang'aa. Niliusogelea nikausukuma. Umepigwa misumari; nyuma yake hakuna chumba.

Sisi tunaofasiri tunalijua kosa hili. Ni neno lililohamishwa zimazima, kazi yake ikaachwa lilikotoka. Kwetu dari huinuliwa ili joto lipate pa kwenda, na moto wa kuokea huwekwa uani usije ukawafuata wageni barazani. Lakini chini ya Meru, Julai ni mwezi wa baridi. Watu walikaa na makoti, mikono imekumbatia vikombe vya chai, pangaboi zimesimama juu yao. Na upande wa pili wa ukuta tanuri lilikuwa likiwaka tangu alfajiri, joto lake likitolewa nje kwa bomba. Nyumba ina moto, nayo imeuficha!

Si kwamba vifaa vya huko ni haba. Yapo mawe meusi ya volkano, ipo migrevilea inayotia kivuli mashamba ya kahawa. Nilivikuta pahali pamoja tu, kwenye kaunta ya mikate: jiwe tupu lisilopakwa rangi, na juu yake ubao uliokwisha kulainishwa na viganja vya wanunuzi. Hapo ndipo watu walipojazana, hata waliokwisha kulipa. Nilidhani wanasubiri chenji. Kumbe nyuma ya kaunta lipo tundu dogo la kupitishia sinia, na joto la tanuri lilipenya humo likiwa na harufu ya mkate. Ningalikuwa mimi fundi, ningalianza na tundu hilo, nikalipanua mpaka ukuta wote uondoke.

Nilimwuliza kijana aliyenihudumia ule mlango umetoka wapi.

"Zanzibar, mzee. Ni wa kale huo."

Huenda aliambiwa tu. Ikiwa ni kweli, basi katika Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ipo nyumba ambayo watu wake leo wanapita kwenye mlango mwingine. Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini aliitwa jikoni. Nikanunua mkate, nikaula nimesimama pale karibu na tundu.